Je, Wajua? Mpiganaji Aliyekaa Kando Akimsubiri Mshindi

Pita kijiwe chochote cha drafti saa za jioni. Wawili wameinamia ubao, kete zao ni vizibo vya soda, na pembeni yupo wa tatu, kikombe cha kahawa mkononi, hana haraka. Huyo hachezi, lakini ukimwita mtazamaji umemkosea. Ameshaweka nafasi yake: atacheza na mshindi. Macho yake yanapima nani anakurupuka, nani anasahau kula kete, nani ameanza kuchoka. Zamu yake ikifika, kichwa chake kitakuwa kimepoa na cha mwenzake kinafuka moshi.

Wagiriki wa kale walikuwa naye mtu huyo katika michezo yao mikubwa, ila mshindi aliyekuwa akisubiriwa huko alikuja akivuja damu. Walimpa jina, wakamwekea utaratibu, wakamwingiza kwenye tamthilia zao, na wakabishana juu ya heshima yake hata kwenye mawe ya kumbukumbu. Haya ndiyo machache ya kumhusu.

Jina lake lilimaanisha "aliyekaa kando"

Kwa Kigiriki aliitwa efedrosi. Neno hilo lina vipande viwili: kiambishi chenye maana ya "juu ya" au "kando ya", na hedra, yaani kiti. Hedra hiyohiyo huenda umeshaitamka mara nyingi bila kujua, kwa sababu imo ndani ya neno kathedrali: kanisa lenye kiti cha askofu.

Ni rahisi kumfasiri efedrosi kuwa mchezaji wa akiba, lakini tafsiri hiyo inampunja. Mchezaji wa akiba huingia pale mwenzake anapoumia au kocha anapochoshwa naye. Efedrosi hakuingia badala ya mtu. Alikuwa mshindani kamili kama wenzake: alifanya mazoezi yaleyale, akala kiapo kilekile, akatumbukiza mkono kwenye mtungi uleule wa kura. Kilichomweka kando ni kwamba kura aliyoitoa haikuwa na pacha.

Hapakuwa na wachezaji wa akiba Olympia

Kabla ya mashindano, wanamichezo wa Olympia waliapa juu ya vipande vya nyama ya nguruwe, mbele ya sanamu ya Zeus iliyoshika radi katika kila mkono. Waliapa kwamba hawatafanya hila, na watu wazima waliongeza kwamba wamefuata mazoezi kwa miezi 10 mfululizo. Baada ya hapo, nafasi yako ilikuwa yako peke yako. Ukikosekana, mpinzani wako alipewa ushindi.

Mwaka 25 BK, mpiganaji mmoja kutoka Alexandria, Misri, aitwaye Sarapion, aliwatazama wapinzani wake vizuri, na siku moja kabla ya pambano akatoroka. Alitozwa faini kwa kosa la woga. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK aliyezunguka Ugiriki akiandika kila alichokiona, anasema Sarapion ndiye mtu pekee katika historia ya Olympia aliyetozwa faini ya namna hiyo.

Mchezaji wa akiba tunayemjua sisi ni mgeni wa juzi tu. Katika Kombe la Dunia la mpira wa miguu aliruhusiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1970 nchini Mexico, na wa kwanza kabisa kuingia akitokea benchi alikuwa Anatoliy Puzach wa Umoja wa Kisovyeti, katika mechi ya ufunguzi tarehe 31 Mei.

Kura zilikuwa ndogo kama punje ya harage

Lucian, mwandishi mzaliwa wa Samosata aliyeishi karne ya 2 BK, alituachia maelezo ya upangaji wa mapambano, na yanasomeka kama ya mtu aliyesimama karibu. Mbele ya wapiganaji huwekwa mtungi wa fedha, mali ya mungu mwenyewe. Ndani yake zimo kura, kila moja kama punje ya harage, zimeandikwa herufi: mbili zina alfa, mbili zina beta, na kuendelea. Mpiganaji anasogea, anamwomba Zeus, anatumbukiza mkono, anachomoa kura moja. Papo hapo mshika mjeledi anaudaka mkono ule na kuuzuia, asiisome herufi yake. Anafuata wa pili, vilevile, hadi mtungi unabaki mtupu.

Sasa wamesimama duara, viganja vimefumbwa, na hakuna ajuaye amemshika nani mkononi. Msimamizi anawazungukia, anafunua kiganja kimoja kimoja: mwenye alfa kwa mwenye alfa, mwenye beta kwa mwenye beta. Wakiwa watano, saba au tisa, herufi moja huandikwa kwenye kura moja tu. Aliyeishika anatafutiwa mwenzake na hapatikani. Huyo ndiye efedrosi. Akae, asubiri wengine wamalize.

Lucian anasema hiyo ilikuwa bahati isiyo ndogo: kuingia ukiwa na nguvu zako zote dhidi ya watu waliokwisha choka. Na mjeledi wa yule mshika mkono haukuwa pambo. Mwanamichezo aliyevunja kanuni alichapwa nao hadharani, hata kama nyumbani kwao alikuwa mtoto wa kigogo.

Hata wapiganaji sita walimzaa efedrosi

Mtu atadhani kwamba wakiwa idadi shufwa hakuna wa kukaa kando. Chukua kalamu. Wapiganaji sita wanatoa mapambano matatu, kila mtu ana wake. Wanabaki washindi watatu, na hapo mmoja hana budi kukaa. Kumi wanabaki watano, na watano hawapangiki. Namba pekee zinazofika fainali bila kuacha mtu kitini ni 2, 4, 8, 16, 32 na wenzao wa ukoo huo, yaani mbili inayojizidisha kwa mbili.

Wapiganaji tisa ndio wenye kuchekesha zaidi. Mapambano manne na mmoja kando: wanabaki watano. Mawili na mmoja kando: wanabaki watatu. Moja na mmoja kando: wanabaki wawili. Kiti kinakaliwa mara tatu kabla ya fainali. Kimahesabu, mtu ambaye kura pweke ingemwangukia kila mara angefika pambano la mwisho hajaguswa hata unywele.

Lakini hesabu hiyohiyo inamfunga. Kiti hakikumvika mtu taji. Hata mwenye bahati kupita kiasi alilazimika kupigana walau mara moja, na aliyekutana naye alikuwa ameshawashinda wote waliosimama njiani.

Pumziko la saa moja lilikuwa mali

Ili kuielewa thamani ya kiti, lazima ujue kilichokuwa kikiendelea uwanjani. Mieleka iliingia Olympia mwaka 708 KK, ngumi mwaka 688 KK, na pankrationi, mchanganyiko wa hiyo miwili pamoja na mateke na kukabana, mwaka 648 KK. Hakukuwa na uzito mwepesi wala uzito wa juu. Ulipambana na uliyepangiwa, awe mnene kama gogo la mbuyu. Kengele ya raundi hakuna, saa hakuna, pointi hakuna.

Kwenye mieleka ulipaswa kumwangusha mwenzako mara tatu. Kwenye ngumi, mikono imezungushiwa kanda za ngozi, mlipigana mpaka mmoja ashindwe kuendelea au anyooshe kidole kukiri kwamba yametosha. Kwenye pankrationi kulikatazwa mambo mawili tu, kung'ata na kuchokonoa macho.

Mwaka 564 KK, Arrhichion wa Phigaleia alikuwa amekabwa shingo kwenye pankrationi huku mpinzani amemzungushia miguu kiunoni. Kwa nguvu zake za mwisho aliukamata mguu wa mwenzake na kumvunja kidole. Yule aliyekuwa akikaba akasalimu amri kwa maumivu, na wakati huohuo Arrhichion akakata roho. Waamuzi waliuvika taji mwili wake.

Na michezo hii haikwisha mapema. Mwaka 472 KK mapambano ya pankrationi yalivutwa hadi usiku kwa sababu mbio za farasi na michezo mingine ilikuwa imekula siku, ikabidi ratiba ipangwe upya. Mtu aliyetoka kwenye pambano kama hilo macho yamevimba na vidole havifungi, akaambiwa, "Bado mmoja, yule pale aliyekaa," alijua maana halisi ya vita vya panzi kuwa furaha ya kunguru.

Ushindi wa mezani uliitwa "bila vumbi"

Wapiganaji wa Kigiriki walijipaka mafuta ya zeituni mwilini, kisha wakajinyunyizia vumbi ili mwili ushikike. Kwa hiyo mtu aliyepewa taji bila kupambana, kwa sababu hakuna aliyejitokeza kumkabili, alisemwa ameshinda akoniti, yaani bila vumbi. Sisi tungesema ushindi wa mezani, ingawa kwao haukuwa na aibu yoyote. Kumtia mtu hofu mpaka asije kabisa ilikuwa sifa kubwa kuliko kumwangusha.

Anayesimuliwa zaidi ni Milo wa Croton, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, aliyetwaa taji la mieleka la Olympia mara sita katika karne ya 6 KK. Utani mmoja wa kale wasema kwamba safari moja alijitokeza peke yake. Waamuzi wakamwita aje achukue taji. Akiwa njiani akateleza, akaanguka kwa nyonga. Watu wakapiga kelele kwamba haiwezekani kumvika taji mtu aliyeanguka ilhali hata mpinzani hana. Milo akasimama, akawakumbusha kwamba mieleka ni maanguko matatu. Hilo lilikuwa moja, basi ajitokeze mtu amwangushe mawili yaliyobaki.

Taji la mwaka 480 KK lilikwenda kwa aliyekuwa na pumzi

Huu ndio mkasa unaoonyesha uchovu ulivyoweza kugawa mataji. Ni mwaka uleule ambao jeshi la mfalme Xerxes wa Uajemi liliingia Ugiriki. Theagenes, bondia kutoka kisiwa cha Thasos, alitaka jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: kushinda ngumi na pankrationi katika Olympia moja.

Kwenye ngumi alikutana na Euthymos wa Lokroi, bingwa wa Olympia iliyotangulia, mwaka 484 KK. Theagenes alimshinda, lakini Euthymos hakuwa mtu wa kushindwa kwa bei rahisi. Ilipofika zamu ya pankrationi, Theagenes alikuwa amekwisha. Hakuweza kuingia uwanjani. Taji likaenda kwa Dromeus wa Mantineia, na Pausanias anasema huyo ndiye mtu wa kwanza anayejulikana kushinda pankrationi bila vumbi. Jina Dromeus kwa Kigiriki maana yake ni mkimbiaji; siku hiyo hakuhitaji hata kutembea haraka.

Dromeus hakuwa efedrosi kwa maana ya kura. Lakini alivuna kilekile alichovuna efedrosi: jasho lililomwagwa na wengine.

Waamuzi walikasirika. Waliona Theagenes aliingia kwenye ngumi kwa chuki tu, ili amharibie Euthymos, kisha akaliacha pambano jingine likiwa tupu. Wakamtoza talanta moja kwa ajili ya mungu na talanta nyingine alipwe Euthymos. Talanta ya Athens ilikuwa fedha yenye uzito wa kilo 26 hivi. Theagenes alilipa ya mungu. Ya Euthymos waliimaliza kwa mapatano: asimsogelee tena kwenye ngumi. Mwaka 476 KK kila mtu alikwenda njia yake, Euthymos akachukua taji la ngumi na Theagenes la pankrationi.

Aliyechelewa alimpiga bingwa mwenye taji kichwani

Mwaka 93 BK, Apollonius, bondia wa Alexandria, alifika Olympia akiwa amechelewa. Alijitetea kwamba upepo wa mkabala ulimkwamisha katika visiwa vya Cyclades. Aliyemwumbua ni Mualexandria mwenzake, Heraclides, aliyewaeleza waamuzi kwamba jamaa alikuwa akizunguka kwenye michezo ya pwani ya Ionia akikusanya fedha za zawadi.

Waamuzi wakamfungia Apollonius na bondia mwingine yeyote aliyechelewa, na Heraclides akapewa taji bila vumbi. Hapo Apollonius akajifunga kanda zake za ngozi, akamvamia Heraclides na kuanza kumtwanga, wakati mwenzake ameshavaa mzeituni kichwani na amekimbilia kwa waamuzi kujisalimisha. Naye alitozwa faini, na faini za wavunja kanuni ndizo zilizotengeneza sanamu za shaba za Zeus zilizopangwa kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Kila mwanamichezo alizipita sanamu hizo akienda kushindana, na kila moja ilitokana na aibu ya mtu.

Sophocles aliwekwa kwenye kiti cha efedrosi kuzimu

Neno hili lilizoeleka hata watunzi wa tamthilia hawakuhitaji kulifafanua. Mwaka 458 KK, katika tamthilia ya *Wabeba Matambiko*, Aeschylus alimwita Orestes efedrosi anayewakabili wawili peke yake: mama yake na mume wa pili wa mama huyo, waliomuua baba yake. Watazamaji wa Athens walielewa uchungu wa picha hiyo, kwa kuwa efedrosi wa kawaida hukutana na mtu mmoja aliyechoka. Huyu alikabidhiwa wawili, na wala hawajachoka.

Mwaka 405 KK, Aristophanes aliligeuza neno hilo kuwa kichekesho katika *Vyura*. Huko kuzimu, Aeschylus anakalia kiti cha mtunzi bora wa tanzia. Euripides, marehemu mpya, anakitaka. Na Sophocles, naye marehemu mpya, atafanya nini? Tunaambiwa atakaa kama efedrosi. Aeschylus akishinda, Sophocles atatulia mahali pake kwa heshima. Aeschylus akishindwa, Sophocles atasimama apambane na Euripides. Bila ugomvi wala kelele, mzee wa watu amejiwekea nafasi kama yule wa kwenye drafti.

Jemadari mmoja nusura aishinde Roma kwa mbinu hiyo

Plutarch, mwandishi wa maisha ya watu mashuhuri, alilichukua neno hilo mpaka vitani. Mwaka 82 KK, Sulla, jemadari wa Roma, alikuwa amepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe na mahasimu wake Waroma mpaka amekaribia kumaliza. Ndipo Telesinus, jemadari wa Wasamnite, akatokea mbele ya lango la Colline, mlangoni kabisa mwa Roma. Plutarch anamfananisha na efedrosi: mpiganaji aliyekaa kando, sasa anamwendea mwanamieleka aliyechoka, na nusura ampige mwereka.

Sulla alishinda, kwa shida sana, na Telesinus akafa hapo. Ndiyo hatari ya kiti: anayekusubiri huwa na pumzi, na anayetoka vitani huwa ameshachemka.

Stockholm ilipata efedrosi wake mwaka 1912

Miaka mingi baada ya mtungi wa fedha kupotea, mambo yalijirudia katika Olimpiki ya kisasa, tena katika mieleka iitwayo ya Kigiriki na Kiroma. Uzito wa kati, nusu fainali, Stockholm, Uswidi. Martin Klein, Mwestonia aliyeshindania Urusi, alikutana na Alfred Asikainen wa Ufini. Walishikana juani kwa zaidi ya saa 11, wakipewa mapumziko mafupi kila baada ya nusu saa, ndipo Klein akapata ushindi.

Fainali ilikuwa dhidi ya Claes Johanson wa Uswidi. Klein hakuweza kupanda ulingoni, mwili ulikataa. Johanson akapata dhahabu, Klein fedha, Asikainen shaba. Theagenes na Dromeus wangeitambua siku ile bila kuhitaji mkalimani.

Neno bado liko hai, ila limevaa sare

Nenda Ugiriki leo uulize efedrosi ni nani. Watakuonyesha mtu wa kawaida, huenda mwalimu au muuza duka, aliyemaliza utumishi wa jeshi na sasa ni askari wa akiba, anayeweza kuitwa nchi ikimhitaji. Yaani ile maana ya akiba, ambayo haikumfaa mpiganaji wa kale, neno limekuja kuivaa uzeeni. Kilichobaki ni kiti chenyewe: mtu amekaa, na kukaa kwake ni sehemu ya kazi.

Wengine walijisifu kwamba hawakukaa kamwe

Lucian alikiita kiti kile bahati. Ungetarajia basi kwamba kila aliyekipata angekishangilia. Lakini soma mawe ya kumbukumbu ambayo washindi walisimamishiwa, hasa nyakati za utawala wa Roma, utakuta sifa iliyogeuzwa kichwa chini: anefedrosi, yaani aliyeshinda bila kukaa kando hata mara moja. Jambo ambalo kila mpiganaji aliliombea kimoyomoyo mbele ya mtungi, aliyeshinda bila hilo alijivunia kulikosa.

Sababu haiko mbali. Aliyetoka kwenye kiti na kushinda hakukosa wa kumwambia kwamba alikutana na mtu aliyekwisha legezwa na wengine. Taji lake lilikuwa halali, la mzeituni mwitu uleule, lakini lilikuja na mnong'ono. Aliyepigana raundi zote hakuachia mnong'ono nafasi.

Olympia lilisimama jiwe la mvulana mmoja wa Efeso, Publius Cornelius Ariston, mshindi wa pankrationi ya wavulana mwaka 49 BK. Shairi lililochongwa hapo halikuridhika kutaja ushindi wake. Linaeleza kwamba washindani walikuwa saba, kwamba hakupokea taji lake kwa bahati ya kura ya efedrosi, na kwamba mikono yake haikupumzika mpaka amewashinda watatu. Hesabu inakubali: saba, kisha wanne, kisha wawili, mapambano matatu kwa asiyekaa.

Na kwa kuwa saba haigawanyiki kwa mbili, siku ile mvulana mmoja alifunua kiganja akakuta herufi isiyo na pacha. Ariston alitaka kila apitaye pale ajue kwamba kiganja hicho hakikuwa chake.